Nusu Shari ya Hewa: Mbunge Alegeze Wapi, Akaze Wapi

Tarehe 2 Desemba 2009 Seneti ya Australia ilipigia kura muswada wa kuweka bei kwenye hewa ukaa, nao ukaanguka kwa kura 41 dhidi ya 33. Miongoni mwa waliouangusha walikuwemo maseneta watano wa Chama cha Kijani, watu walioingia kwenye siasa kwa ajili ya mazingira. Siku hiyo walipiga kura pamoja na wahafidhina ambao jana yake tu walikuwa wamemng'oa kiongozi wao, Malcolm Turnbull, kwa tofauti ya kura moja, baada ya yeye kukubali kupatana na serikali. Hesabu yenyewe haihitaji mtaalamu. Maseneta wawili wa upinzani walikwisha kukiasi chama chao na kuiunga mkono serikali. Kama wale watano nao wangeiunga mkono, muswada ungepita kwa 38 dhidi ya 36.

Kijani hawakuwa wapumbavu. Muswada ule ulilenga kupunguza gesijoto kwa asilimia 5 tu ifikapo 2020 ukilinganisha na mwaka 2000, na viwanda vichafu kuliko vyote vilimwagiwa vibali vya bure vya kutoa moshi. Walisema sheria ya namna hiyo ingeifungia nchi ndani ya kushindwa kwa miaka mingi. Yaliyofuata tunayajua. Aprili 2010 Waziri Mkuu Kevin Rudd aliuweka mpango mzima kando, na Juni akaupoteza uongozi. Bei ya hewa ukaa ilikuja kuanza Julai 2012, safari hii Kijani wakiwa sehemu ya walioiandika. Julai 2014 ikafutwa. Ilidumu miaka miwili na siku chache.

Hadi leo Waaustralia wanabishana nani alaumiwe, na sina hamu ya kuwaamulia. Kinachonivuta ni swali lenyewe, kwa sababu hujirudia katika kila bunge linalogusa sheria za tabianchi: uchukue nusu iliyo mezani, au uikatae ukisubiri nzima?

Wahenga walisema nusu shari kuliko shari kamili, na wabunge wengi hufuata hekima hiyo hata wasipoitamka. Kwenye bajeti au mishahara inafaa vizuri. Walimu wakipewa nyongeza nusu ya waliyoomba, mwakani watarudi kudai iliyobaki. Hewa ukaa haina mwakani ya namna hiyo. Tani iliyotoka kwenye bomba la kiwanda leo, sehemu yake itabaki angani kwa karne nyingi, na hakuna bajeti ya nyongeza itakayoirudisha ilikotoka. Kabla ya zama za viwanda hewa ilikuwa na chembe kama 280 za hewa ukaa katika kila milioni. Sasa zimepita 420. Ndiyo maana wanaharakati husema huwezi kujadiliana na fizikia.

Ni kweli, lakini mbunge hajadiliani na fizikia. Anajadiliana na mwenzake ambaye jimboni kwake kuna mgodi wa makaa ya mawe, na wachimbaji hao wana kura. Tena, hoja ya fizikia inakata pande zote mbili. Ikiwa kila tani ina uzito wake, basi hata tani iliyozuiwa na sheria kilema imezuiwa. Hakuna mstari mmoja ambao ukiuvuka yote yameharibika na kabla yake yote ni salama. Madhara hupanda taratibu na kila sehemu ya nyuzi joto inahesabika. Anayesubiri muswada safi kwa miaka mitano naye ana moshi wa miaka mitano mikononi, ingawa haonekani ameushika.

Kwa hiyo swali la kama tupatane au tusipatane naliona swali bovu. Bunge ni mahali pa kupatana, na asiyetaka kupatana angebaki kuandika makala kama mimi. Tuulize badala yake ni kitu gani kinaachiwa, maana nusu hazifanani.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa Marekani, na si wa hewa ukaa bali wa mvua ya tindikali. Mwaka 1990 Bunge lao liliifanyia marekebisho Sheria ya Hewa Safi ili kupunguza moshi wa salfa kutoka mitambo ya umeme ya makaa ya mawe. Rais alikuwa George H. W. Bush wa Republican, Bunge lilikuwa la Democrats, na majimbo ya makaa ya mawe yalikuwa na watetezi wakali ndani ya vyama vyote viwili. Lengo liliwekwa mapema: tani milioni 10 kwa mwaka zipungue kutoka kiwango cha 1980. Halafu ubishi ukaanza, na ulikuwa ubishi wa sokoni hasa. Nani apewe vibali vingapi? Jimbo lipi liongezewe? Kampuni ipi ilipwe kwa kuwahi kufunga vichujio? Vifungu vya upendeleo vilijaa humo, na msomaji mwenye moyo mwepesi angekata tamaa.

Lakini tazama walichokuwa wanakigombea. Waligombea mgawo, ukomo wa jumla ya moshi haukuguswa. Vibali vya upendeleo kwa sehemu kubwa vilitoka kwenye chungu kilekile, kwa hiyo upendeleo ule haukulibadilisha sana lengo la jumla. Awamu ya kwanza ilianza 1995 na mitambo mikubwa 110, ya pili ikaingia 2000, na gharama ikawa chini ya ile waliyotisha nayo wenye viwanda. Wanasiasa walipata vya kupeleka nyumbani, na mito na misitu ikapata nafuu.

Sasa linganisha na maridhiano mengine ndani ya sheria hiyohiyo, miaka ishirini nyuma. Mwaka 1970 iliamuliwa kwamba viwango vikali vya kitaifa vihusu mitambo mipya, na ile ya zamani iachwe. Ilionekana busara: kwa nini umtese mwenye mtambo mkongwe ambao utazeeka na kufungwa wenyewe? Haukufungwa. Mtambo mpya ulipaswa kununua vichujio vya bei kubwa, mkongwe haukupaswa, kwa hiyo mkongwe ukawa ndio wenye faida. Msamaha uliokusudiwa kuwa wa muda ukageuka kuwa sababu ya kuuweka hai. Mingi ya ile mitambo 110 ya mwaka 1995 ilikuwa ileile iliyosamehewa.

Tofauti kati ya mapatano haya mawili haimo katika ukali. Lile la 1970 lilikuwa na malengo makubwa sana kwa zama zake. Ila lilimpa mtu haki isiyo na tarehe ya mwisho, na haki ya namna hiyo hujijengea watetezi wake: wanasheria, wawakilishi wa viwanda, meya anayehofia ajira. Kila mwaka unaopita kuifuta kunakuwa kugumu zaidi. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na huu ulikuwa ufa ulioandikwa kwenye sheria.

Kwa upande wa mataifa, mkataba unaosifiwa kuliko wote ulianza ukiwa dhaifu hata wanasayansi wakanung'unika. Itifaki ya Montreal ya Septemba 1987, ya kulinda tabaka la ozoni, ilitaka nchi tajiri zipunguze gesi za klorofluorokaboni, zilizotumika kwenye majokofu na makopo ya kunyunyizia, kwa nusu tu hadi mwisho wa miaka ya tisini. Kupunguza kwa nusu kitu kinachotoboa ngao ya dunia! Nchi zinazoendelea zilipewa miaka kumi ya ziada. Ukiisoma siku ile ungeiita kushindwa.

Ila waliokaa na kuiandika walikuwa na akili ya fundi. Waliweka ndani yake kwamba sayansi ipitiwe upya angalau kila baada ya miaka minne. Waliweka pia kwamba viwango kwa gesi zilizokwisha kuorodheshwa vinaweza kukazwa kwa theluthi mbili ya kura, na uamuzi huo utawabana wote bila kila nchi kurudi bungeni kwake kuridhia upya. Hapo ndipo penye nguvu, na ni vifungu ambavyo waandishi wa habari hawakuvitazama. Mwaka 1990 mjini London ile nusu iligeuka kuwa marufuku kamili ifikapo 2000. Mwaka 1992 mjini Copenhagen tarehe ya nchi tajiri ikavutwa hadi 1996. Mwaka 2016 mjini Kigali mkataba huohuo ulipanuliwa, kwa kuridhiwa upya, kukamata gesi za majokofu na viyoyozi zilizochukua nafasi ya zile za kwanza, ambazo zilibainika kulipasha anga joto.

Wanaosema ozoni ilikuwa rahisi kwa kuwa gesi mbadala zilipatikana haraka wana haki yao. Makaa ya mawe na mafuta yameingia kwenye kila kitu tunachogusa, na hayaondoki kwa kubadilisha kopo la dawa ya kunyunyizia. Hata hivyo, somo la uandishi wa sheria halipotei: namba ilikuwa ndogo, lakini mlango wa kuipandisha ulikuwa rahisi kufunguka kuliko mlango wa kuishusha.

Waingereza walifanya jambo la karibu na hilo mwaka 2008. Muswada wao wa tabianchi uliingia bungeni na lengo la kupunguza asilimia 60 ifikapo 2050, ukatoka na 80, na waliopinga hawakufika kumi. Lengo hilo la mbali halikuwa na maana kubwa. Kila mwanasiasa anapenda ahadi itakayomkuta amestaafu. Cha maana kilikuwa bajeti za hewa ukaa za miaka mitano mitano, zinazopangwa miaka kadhaa kabla, na kamati huru inayolipwa kuisema serikali hadharani ikichelewa. Mwaka 2019 serikali ya Theresa May ilipotaka kutoka 80 hadi sifuri halisi, yaani kutotoa gesi zaidi ya zinazoondolewa angani, haikuhitaji sheria mpya. Agizo fupi lilibadilisha tarakimu, na mitambo ya sheria ikaendelea kuzunguka. Mtambo wao wa mwisho wa umeme wa makaa ya mawe, Ratcliffe-on-Soar, ulizimwa tarehe 30 Septemba 2024. Mwaka mmoja baadaye Kemi Badenoch, kiongozi wa Conservative, chama kilichoiunga mkono sheria ile, aliahidi kuifuta akishika madaraka. Mwafaka nao huzeeka.

Ulaya ilikosea kwenye ukomo wenyewe. Soko lake la vibali lilipoanza 2005 kila nchi ilijipangia mgawo, na kila nchi ikawaonea huruma wenye viwanda wake. Takwimu halisi zilipotoka 2006 ikaonekana vibali ni vingi kuliko moshi, na kufikia 2007 bei ilikuwa karibu na sifuri. Kilichowaokoa ni kwamba angalau walikuwa wanapima, na kipimo kilikuwa hadharani. Aibu ile ilizaa marekebisho. Februari 2023 tani moja ilipita euro 100. Ilichukua karibu miaka ishirini, na moshi wa miaka hiyo bado uko juu yetu.

Yapo maridhiano ninayoyaona ya hila kuliko hayo yote: yale ambayo pande zilizoko mezani hupatana kwa kumbebesha asiyekuwepo. Sheria ya Ujerumani ya 2019 ilipanga hatua hadi 2030 na kuyaacha ya baadaye yakielea. Kila chama kilipumua. Mwaka 2021 Mahakama ya Katiba ikasema hapana: ukiwaachia vijana sehemu kubwa ya mzigo baada ya 2030, utawanyima uhuru wao wakati huo. Bunge lilirudi haraka, likasogeza sifuri halisi kutoka 2050 hadi 2045 na kupandisha lengo la 2030 hadi asilimia 65. Kumbe lilikuwa linawezekana muda wote.

Hadi hapa nimetaja mifano inayoifanya hoja yangu ionekane imenyooka. Sasa niseme linalonisumbua. Agosti 2022 Marekani ilipitisha sheria yake kubwa kuliko zote za tabianchi, kwa kura 51 dhidi ya 50 katika Seneti, ya mwisho ikiwa ya Makamu wa Rais Kamala Harris. Aliyeshika mpini alikuwa Seneta Joe Manchin wa West Virginia, jimbo la makaa ya mawe. Mwaka mmoja kabla alikwisha kukiondoa kipengele ambacho kingezawadia kampuni za umeme zinazoongeza nishati safi kila mwaka na kuzitoza zinazozembea. Katika sheria iliyopita alipata pia sharti kwamba serikali isikodishe bahari kwa ajili ya upepo mpaka iwe, ndani ya mwaka uliotangulia, imetangaza ekari milioni 60 za bahari kwa mafuta na gesi. Wanamazingira walilia. Mimi niliona ni bei inayolipika: kutangaza mnada si kuuza, na kampuni haichimbi kwa sababu tu imealikwa.

Udhaifu ulikuwa kwingine. Kwa kuwa ilipitia njia ya bajeti, inayoruhusu wingi mdogo wa kura, sheria ile haikuwa na ukomo wala wajibu. Ilikuwa karibu yote unafuu wa kodi na ruzuku. Wengi tulijifariji kwa nadharia moja: viwanda vitajengwa kwenye majimbo ya wapinzani, na wapinzani watavilinda. Agosti 2024 ilionekana kutimia, wabunge 18 wa Republican walipomwandikia Spika Mike Johnson wakimsihi asiufute unafuu ule ovyo. Julai 2025 kura ilipokuja, Baraza la Wawakilishi liliukata sana kwa 218 dhidi ya 214, na wengi wa wale 18 walikuwa upande wa ndiyo. Wanunuzi wa magari ya umeme waliupoteza unafuu wao tarehe 30 Septemba mwaka huo.

Kwa hiyo siwezi kusema kwamba anayelegeza kwa ustadi atadumu. Paneli zilizokwisha kuwekwa hazikung'olewa, na hilo si dogo. Lakini kilichotolewa na pesa kilirudishwa na pesa, na hakukuwa na kamati huru wala bajeti ya hewa ukaa ya kuwafanya waliofuta wajieleze mbele ya watu.

Nikirudi kwa mbunge mwenyewe, ningemwambia mambo mengi yanaachika bila dhambi. Mwendo wa miaka ya kwanza unaachika. Aina ya chombo pia, iwe kodi, soko la vibali au kanuni. Fedha za wachimbaji watakaopoteza kazi hata hazipaswi kuitwa kulegeza. Hiyo ni haki yao. Kutenganisha gesi kunaweza kuwa sahihi kabisa. New Zealand mwaka 2019 iliwapa wafugaji lengo lao la methani, na kisayansi ilikuwa na msingi, kwa kuwa methani huoza angani ndani ya miaka kama kumi na miwili. Kosa, kwa maoni yangu, lilikuwa kuandika lengo la 2050 kama masafa mapana ya asilimia 24 hadi 47. Ukiacha nafasi ya namna hiyo umemwonyesha anayekuja baadaye pa kuanzia kushuka, na mwaka 2025 serikali yao ilitangaza kulishusha hadi 14 mpaka 24.

Ambavyo havipaswi kuuzwa kwa bei yoyote ni kipimo cha hadharani na tarehe ya kurudi kuitazama sheria upya. Na msamaha usio na mwisho usikubaliwe, hata ukiombwa kwa machozi. Leseni ya mgodi ya miaka arobaini ni msamaha uliovaa nguo nyingine.

Halafu kuna wa kupatana naye. Wako wanaokuja mezani kupatana, na wako wanaokuja kula muda. Dawa ni kumuuliza mtu waziwazi: nikikupa hiki, kura yako ninayo? Asipojibu, usimpe. Juni 2009 Baraza la Wawakilishi la Marekani lilipitisha muswada wa tabianchi wa wabunge Waxman na Markey kwa 219 dhidi ya 212, baada ya kugawa sehemu kubwa ya vibali bure. Machi 2010, Seneti ikiwa bado haijapiga kura, serikali ya Barack Obama ilitangaza kufungua maeneo mapya ya pwani kwa utafutaji wa mafuta, ikitumaini kulainisha mioyo. Hakuna aliyekuwa ameahidi kura kwa ajili hiyo. Wiki tatu baadaye mtambo wa kuchimba mafuta wa Deepwater Horizon ulilipuka katika Ghuba ya Mexico, na Seneti haikuupigia kura muswada ule hata siku moja. Mahari ililipwa yote, bibi harusi hakutoka ndani.

Kijani wa Australia walikutana na swali lilelile tena Machi 2023. Serikali ya Labour ilileta marekebisho ya kuvibana vituo vikubwa vya viwanda na migodi, zaidi ya 200, vishushe viwango vyao kwa asilimia 4.9 kila mwaka hadi 2030. Kijani walitaka marufuku ya migodi mipya ya makaa ya mawe na gesi. Walikataliwa. Badala yake walidai ukomo wa jumla ya moshi wote wa vituo hivyo, uandikwe ndani ya sheria yenyewe, wakaupata, na safari hii wakapiga kura ya ndiyo. Migodi mipya bado inaweza kuombewa vibali, na baadhi ya Kijani hawajawasamehe viongozi wao kwa hilo. Mapitio ya kwanza ya mpango huo yamepangwa katika mwaka wa fedha 2026–27.